Tairi za Kupandia kwa Mama

Kitinda alipokuja kumwambia dada yake kwamba tairi za pikapu zimekwisha, hakusema zimekwisha tu. Alisema zimeliwa na mawe ya mlimani, na aliyasema hayo kwa sauti ya mtu ambaye ni yeye aliyeliwa. Alikaa juu ya robota la kitambaa cha sare, akanyoosha miguu, akashusha pumzi ndefu. Mafundi sita waliokuwa kwenye cherehani zao walimtazama kwa huruma, na mmoja akaenda kumletea maji ya kunywa.

Dada alimwamini. Kwa nini asimwamini? Pikapu ile aliinunua yeye, kwa jasho la sare za shule, akamkabidhi mdogo wake kwa sharti moja lisilo na nyongeza: siku sita gari ni lako, zunguka nalo utafute riziki, Jumamosi gari ni la Mama. Mama yao alikuwa akiishi peke yake juu mlimani, mwisho wa njia ya mawe ya kilometa thelathini, mahali ambapo bomba la maji lilichorwa kwenye ramani likaishia humo humo kwenye ramani. Nyonga zilikuwa zinamsumbua, presha ilikuwa inapanda na kushuka inavyotaka, lakini kuhamia mjini alikataa katakata. Basi kila Jumamosi Kitinda alitakiwa kumpandishia madumu arobaini ya maji, na unga, mafuta, sabuni, na dawa zake. Huo si mzigo wa mchezo. Ndiyo maana Dada hakununua kigari cha kutembelea. Alinunua pikapu ya kazi, ya dizeli, yenye springi nene na magurudumu ya nati nane nane.

Jumamosi jioni, akishafunga karakana, Dada alikuwa anampigia Mama simu. Vitu vimefika? Vimefika, mwanangu. Na maji? Na maji pia. Haya Mama, nimebanwa, tutaongea. Miaka mitatu ilikwenda hivyo. Yeye mwenyewe kupanda alishindwa. Alikuwa akisema atakwenda shule zikifungwa, lakini shule zikifungwa ndipo wazazi wanapomiminika kushona sare mpya, na zikifunguliwa ndipo wanapozirudisha zipunguzwe kiuno. Isitoshe njia ile ina makorongo, naye magoti yake na tumbo lake havipatani na makorongo. Lakini alijisifu, kimoyomoyo na wakati mwingine kwa sauti mbele ya wateja, kwamba kuna familia watoto wanagombana nani amtunze mzazi, wao hilo walilimaliza zamani. Mimi nina mkono, alikuwa akisema, mdogo wangu ana miguu.

Sasa miguu ilitaka viatu. Kitinda aliomba apewe hela akanunue mwenyewe, na Dada alikuwa karibu kufungua droo. Ila wiki ile alikuwa amesikia habari ya lori lililopasukiwa tairi kwenye njia hiyo hiyo na kubiringika bondeni, na tangu aisikie alikuwa akimwona mdogo wake kwenye kila korongo. Akasema tairi za safari hii atazichagua yeye. Kitinda akacheka kidogo, akasema mambo ya matairi ni grisi na vumbi, ya nini kujichafulia viatu. Dada akamjibu kwamba gari linalopanda kwa mama yake atalivisha mwenyewe, na fundi wa nguo hafundishwi namna ya kuvisha.

Jumamosi asubuhi wakaenda. Madumu arobaini matupu yalikuwa yamefungwa kamba nyuma, yajazwe bombani kabla ya kupanda, na magunia ya Mama yalikuwa katikati. Duka la matairi lilikuwa pembeni ya barabara kuu, banda refu lenye matairi yaliyopangwa hadi dari, na harufu ya mpira mpya iliyokaba koo. Mwenyewe aliitwa Upepo. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya pampu yake ya upepo, na wengine kwa sababu ya mdomo wake, ambao ulijaa vilevile na haukuwa na kizibo.

Upepo alipoona mnunuzi ni mwanamke alianza na tairi lililong'aa kuliko yote, lenye maandishi meupe ubavuni, akasema hili ndilo akina mama wanapenda. Dada hakuchukia, kwa kuwa naye alikuwa na maneno yake ya kuwaanzia wanaume wanaokuja kushona suruali. Alichuchumaa akalikanda lile tairi ubavuni kwa kidole gumba, akauliza lina tabaka ngapi. Upepo akalirudisha tairi lile lilipotoka. Alisema hilo ni la gari jepesi, plai nne. Plai ndizo tabaka za ndani, alieleza, zinazobeba uzito. Dada akasema hata yeye hashoni mkoba wa vitabu kwa kitambaa cha leso. Kuanzia hapo Upepo akamheshimu na kuanza kuuza kwa ukweli.

Alimwonyesha tairi la matope, lenye meno kama ya mamba. Alisema hilo linapanda popote, lakini kwenye lami linalia mpaka dereva anatamani kuwa kiziwi, na dizeli linakunywa. Alimwonyesha tairi la lami, laini, mistari imenyooka, linalokwenda kimya na kudumu sana kwa anayejua kukaa barabarani. Halafu akabingirisha la tatu, zito hadi likamponyoka kidogo. Hili ni la njia zote, alisema: plai kumi, meno ya kiasi, mbavu zake zimeongezwa mpira ili jiwe likikwaruza lisikute nyuzi. Kwa pikapu ya nati nane yenye mzigo, mawe nusu na lami nusu, hakuna jingine. Akamfundisha na kusoma tarakimu nne za ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, ili asije akauziwa tairi lililozeekea ghalani kwa jina la jipya. Dada alizisoma mwenyewe kwenye matairi yote manne, moja moja, na moja akalikataa likabadilishwa.

Mambo yangeishia hapo. Tatizo ni kwamba Upepo alikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake mjini: hafungi tairi jipya kabla hajasoma la zamani. Usiniambie gari linakwenda wapi, alikuwa akiwaambia wateja, tairi litaniambia. Wateja walimpenda kwa hilo, maana aliwahi kumwambia mtu ekseli yake imepinda kabla gari halijazimwa. Kitinda akasema hakuna haja, wamechelewa, Mama anasubiri maji. Upepo akasema ni dakika mbili tu, akaweka jeki.

Aliling'oa gurudumu la nyuma, akalilaza, akapitisha kiganja juu yake taratibu akiwa amefumba macho nusu. Akaling'oa na la pili. Akachokonoa mifereji kwa bisibisi, akaangalia kilichotoka. Kisha akaanza kucheka, akamgeukia Dada kwa uso wa mtu aliyekuja na habari njema.

"Dada yangu, nimekuokolea hela," alisema. "Achana na hizo za njia zote. Gari lako si la mawe hili. Ni la lami, tena lami tupu."

Dada akasema amekosea, gari linapanda mlimani kila wiki na maji ya madumu arobaini. Upepo akatikisa kichwa kwa upole, kama mwalimu aliyezoea darasa zito. Akamshika Dada mkono, kwa heshima, akauweka juu ya tairi.

"Gusa hapa katikati. Kipara, si ndiyo? Sasa gusa kando. Meno bado mapya. Hii ni tairi iliyojazwa upepo wa mzigo na mzigo wenyewe haupo, inagusa chini kwa kitovu tu. Ingekuwa inabeba hayo maji, kando ndiko kungekwisha. Na mawe yako wapi? Tairi ya mawe inamegeka meno, inachanika mbavu. Hii haina hata mkwaruzo. Nimechokonoa nimepata mchanga wa barabarani na kipande cha nailoni. Hii tairi ina miaka miwili na haijawahi kupanda huko unakosema."

Maskini Upepo, hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa anajionyesha, basi. Mtu mwingine yeyote angemwangalia kwanza yule kijana aliyesimama karibu na pampu, angeona jinsi alivyobadilika rangi, angesema tu kwamba tairi zimekwisha vibaya. Lakini Upepo alikuwa anaangalia tairi.

Dada alibaki ameinama, kiganja juu ya mpira. Alichokijua yeye ni kitambaa, na kitambaa hakidanganyi: suruali ikiletwa imechakaa magoti, aliyeivaa anapiga magoti, ikichakaa makalio, anakaa. Kidole chake kilikuwa kinamwambia jambo ambalo moyo wake haukutaka kulisikia. Akamkingia mdogo wake kifua. Alimwambia Upepo aache ramli, kwamba Mama mwenyewe kila wiki anasema vitu vimefika, na hakuna tairi litakalomjua Mama kuliko Mama. Akamgeukia Kitinda amsaidie.

Kitinda akasema fundi anabahatisha. Akasema yeye huwa anaendesha polepole, anayakwepa mawe. Upepo akafungua mdomo aseme kwamba mawe ya kilometa thelathini hayakwepeki, safari hii akaona macho ya Dada, akaufunga.

Basi ikabaki kuchagua. Rundo la tairi za lami lilikuwa mkono wa kushoto, la njia zote mkono wa kulia, na Dada amesimama katikati na pochi mkononi. Hakuwa anachagua mpira tena na wote watatu walilijua hilo. Akinunua za lami, amekubali kwamba mama yake amekaa mlimani miaka miwili bila mtu. Akinunua za mlimani, amemwamini mdogo wake, na mtu akimwamini mwenzake humfumbia macho akaenda zake kazini. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu kufikiri dukani.

"Nifungie za njia zote," alimwambia Upepo. Uso wa Kitinda ukarudia rangi yake. Kisha Dada akaongeza, bila kumtazama, "Leo ninapanda na wewe."

Kitinda alimkumbusha magoti yake. Alimkumbusha tumbo lake, na wateja wa sare waliokuwa wanakuja mchana. Alisema njia imeharibika sana, na kwamba wiki ijayo ingekuwa nzuri zaidi. Dada alikuwa ameshapanda mbele, amefunga mkanda, na pochi ameiweka mapajani kama abiria aliyelipa nauli. Upepo alikaza nati nane kila gurudumu, akaaga bila utani.

Bombani, chini ya mlima, Dada alishuka kusaidia kujaza. Dumu la kwanza lilikuwa na vumbi ndani, la pili pia, na la tatu lilikuwa na utando wa buibui mdomoni. Aliyasuuza yote moja moja kwa mkono wake. Maji yakajaa hadi dumu la arobaini. Dada alikuwa bado anajipa moyo. Alijiambia kwamba madumu hukaa, kwamba buibui ni kazi ya usiku mmoja, kwamba huenda Mama alikuwa na akiba ya maji wiki iliyopita. Mtu akitaka kuamini hakosi sababu.

Pikapu ilipanda vizuri. Tairi mpya ziliyashika mawe na kuyaachia taratibu, mzigo ukatulia, na Dada aliyeogopa makorongo aliyapita akiwa hayaoni. Kwenye njia panda ya kwanza Kitinda alikata kulia, akaendesha kama robo saa kwa kujiamini, hata akaanza kupiga mluzi. Halafu akakanyaga breki. Mbele yao hapakuwa na njia. Palikuwa na nguzo mbili za saruji, moja huku na moja ng'ambo, na katikati mto unapita zake chini. Nyasi zilikuwa zimeota juu ya nguzo, ndefu kiasi cha kulisha mbuzi.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua mtoni aliinua kichwa, akawauliza wanatoka wapi wao. Akawaambia daraja lilichukuliwa na mvua kubwa za mwaka jana, na magari yote yanazunguka kushoto kule kwenye njia panda, mwaka mzima sasa. Aliwaambia kwa wema na akaendelea na nguo zake.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na hii iliishia kwenye nguzo ya saruji. Kitinda alizima gari, akaweka paji la uso juu ya usukani. Alisema kwamba mwaka wa kwanza alikuwa anakwenda kweli, kila Jumamosi, Mungu ni shahidi. Kisha akapata kazi ya kusambazia kiwanda mikate mjini, na Jumamosi ndiyo siku ya mikate mingi. Akikosa siku hiyo wanampa mwingine. Mara moja kwa mwezi alikuwa anampa mtu wa pikipiki dawa na unga kidogo ampelekee Mama. Vingine aliviuza dukani. Mikate haina uzito, alisema, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa linatafutiwa maelezo.

Dada hakumpiga, ingawa mkono ulimwasha. Alimwambia geuza gari.

Walimkuta Mama njiani, hatua chache kabla ya nyumba. Alikuwa anatoka kisimani bondeni, fimbo mkono mmoja na galoni la lita tano mkono mwingine, anatembea hatua tatu anapumzika. Alikuwa amepungua. Dada alimwacha mwanamke mnene mwenye sauti, akamkuta mtu ambaye gauni lilikuwa linamtembelea mwilini. Kwa jicho la kazi tu aliona kwamba lingepunguzwa vidole vinne kila upande. Pikapu ikasimama. Mama aliitazama, akamtazama kijana wake kwenye usukani, kisha akamwona binti yake anashuka. Ilimchukua muda mfupi sana, muda wa kubadilisha galoni mkono.

"Umesahau nini tena, baba?" alimwambia Kitinda. "Si wiki iliyopita tu ulikuwa hapa."

Hilo lilimuuma Dada kuliko daraja, kuliko buibui, kuliko mikate. Alimpokea Mama galoni, akamwamkia, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba aache, daraja wameliona. Mama akasema, "Ah." Akaingia uani, akakaa juu ya kigoda, akaiweka fimbo mapajani.

Hapo ndipo Dada alipoyatoa. Alisimama katikati ya ua na kusema yote, na yalikuwa mengi, kwa kuwa alikuwa ameyabeba tangu dukani kwa Upepo. Alisema juu ya sare alizoshona mpaka macho yakaingia ukungu. Alisema juu ya magunia aliyoyapanga kwa mkono wake, ya unga uliochaguliwa na sabuni ya harufu aipendayo Mama, ambayo yote yameishia kwenye rafu ya mwenye duka. Alimwita mdogo wake mwizi, akamwita na mengine ambayo mtu hamwiti mtoto wa mama yake mbele ya mama yake. Alinyoosha mkono, akadai ufunguo, na Kitinda akauweka kiganjani mwake bila ubishi kisha akaenda nyuma ya gari kushusha madumu. Dada akamgeukia na Mama. Wewe nawe, Mama, ulikuwa unanidanganya ili iweje?

Mama alisubiri mpaka pumzi ya binti yake ikarudi.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Kaa basi." Dada hakukaa. Mama akaendelea hivyo hivyo. "Mwenzako anafanya vibaya, sikatai. Na kile kisima kimenitoa roho, hilo nalo sikatai. Lakini kila Jumamosi, kabla hajapakia mikate, alikuwa ananipigia simu. Tunapanga cha kukwambia. Yeye anasema, leo tumwambie nimekuletea maharage. Mimi namwambia, maharage tulisema wiki iliyopita, yule atashtuka, sema mchele. Tunacheka. Saa nzima, mwanangu, wakati mwingine na zaidi. Ananisimulia bosi wake wa mikate, namsimulia kuku wangu. Jioni unapiga wewe. Unaniuliza vitu vimefika. Nasema vimefika. Unakata."

Dada alisema hakujua. Alisema angeambiwa kwamba Mama anabeba maji mwenyewe, angekuja siku hiyo hiyo.

"Ungekuja kumfokea," Mama alisema. "Kama ulivyokuja leo. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakusubiri wewe. Shule zikifungwa, nafagia uwanja. Halafu nikaacha." Alimtazama binti yake bila hasira, na ingekuwa nafuu angekuwa na hasira. "Yeye alisema uongo kwamba anakuja. Wewe hata huo uongo hukuusema."

Dada alikuwa na majibu. Alikuwa na magoti, na tumbo, na mafundi sita wanaomtegemea, na ukweli kwamba kila kitu kilichopaswa kufika huku kililipwa na yeye. Aliyatafuta mdomoni akakuta hakuna hata moja analoweza kumwambia mtu aliyekaa juu ya kigoda na gauni linalompwaya. Ufunguo ulikuwa bado kiganjani, ameukamata kwa nguvu mpaka unamchoma. Aliona haya, na haya ile ilikuwa nzito kuliko hasira aliyokuja nayo. Alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuipenda, kwamba basi kuanzia leo yamekwisha, atatafuta dereva mwaminifu, na maji yatafika kila wiki bila kukosa.

"Yatafika," Mama alisema. "Nakujua, ukisema yatafika yatafika." Akaegemea fimbo, akaanza kunyanyuka, na Dada alipotaka kumsaidia akawa ameshasimama. "Ila sasa huyu hana tena la kupanga na mimi. Jumamosi ijayo simu yangu italia mara moja tu."

Dada alifungua mdomo aseme kwamba atapiga yeye, asubuhi na jioni, saa nzima akitaka. Lakini alikuwa anajaribu kufikiri angemsimulia nini, na kabla hajapata, Mama alikuwa ameshavuka ua kwenda kumwonyesha Kitinda madumu yapangwe upande gani wa ukuta.